Mchwa, Mkaratusi na Lugha ya Mkulima

Wahenga walinena kuwa bandu bandu huisha gogo. Kwa mkulima wa miti ya mbao katika viunga vya Thika na Ruiru, methali hii si pambo la lugha. Mchwa huumaliza mche kabla haujawa mti, seuze gogo.

Aghalabu lawama hutwikwa mdudu peke yake. Hata hivyo, mkaratusi na mgrivelia asili yake ni Australia. Mkaratusi uliletwa nchini mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe garimoshi. Miti hii haina kinga iliyo nayo miti mingi ya kiasili, ambayo imeishi na mchwa wetu tangu jadi. Hatari huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza na wa pili, mchwa wanapotafuna mizizi na gome la shina karibu na ardhi, mche ukanyauka. Kiangazi huzidisha madhara, kwani mche wenye kiu ni dhaifu. Nasi tunafyeka na kuchoma kila jani kavu tukidhani tunasafisha shamba. Mchwa, ambaye chakula chake ni mabaki makavu, huachiwa mche tu.

Zamani ilitegemewa sumu kali ya dieldrini. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutekelezwa mwaka 2004, uliiweka miongoni mwa sumu zinazopaswa kukomeshwa duniani, kwa kuwa hudumu udongoni na kujilimbikiza katika miili ya viumbe. Kinga iliyobaki ni maarifa: kuchagua mti unaolingana na mahali, kupanda mvua zinapoanza, kutofagia mabaki yote ya mimea na kukagua miche mara kwa mara.

Maarifa hayo yapo. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya ina makao yake Muguga, katika Kaunti ii hii ya Kiambu. Lakini maandishi mengi ya kitaalamu kuhusu misitu ni ya Kiingereza. Tangu Desemba 2022 serikali inahimiza upanzi wa miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Miche itahesabiwa siku ya kupandwa. Je, ni nani atakayemweleza mpanzi jinsi ya kuilinda?

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa kazi hii. Dai hilo halina mashiko. Lugha iliyompa mchwa jina, ikamwita kumbikumbi aotapo mbawa, na makao yake ikayaita kichuguu, haishindwi kueleza namna ya kumzuia. Wengine watasema mkulima wa Kiambu ana Kikuyu chake. Ni kweli, ila Thika na Ruiru ni miji ya watu wa makabila mengi, na vibarua wa mashambani hutoka pembe zote za nchi.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo haitamfaa mkulima iwapo wasomi wa Kiswahili tutaishia kuhakiki riwaya. Hatuna budi kushirikiana na wanafunzi wenzetu wa misitu tuandike vijitabu vyepesi, vifike kwenye vitalu vya miche kabla ya mvua za masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.