Bata mzinga bila oveni: mgawe kabla hajakushinda

Krismasi inabisha hodi. Katika ploti za Makongeni na Kiganjo hapa Thika, hadi Kihunguro kule Ruiru, wako wafanyakazi wa viwandani ambao zamu haziwaruhusu kwenda mashambani. Sikukuu yao wataila papa hapa. Wengine huchanga pesa jirani kwa jirani, wakanunua bata mzinga badala ya kuku. Wazo ni zuri, kwani ndege wa kilo 5 hushibisha nyumba mbili au tatu. Taabu huanza anapofika jikoni.

Tumezoea kumwona katika kadi za Krismasi, mzima, amelala juu ya sinia, mwekundu wa kupendeza. Mpishi wa picha hiyo ana oveni. Wewe una jiko la makaa, au mtungi wa gesi wa kilo 6, na sufuria zako. Ukimpika mzima juu ya moto wa aina hiyo, kidari kitakauka kama ubao ilhali paja bado lina damu karibu na mfupa. Nyama mbichi ya ndege hubeba vijidudu vya salmonela, na watoto ndio huumia kwanza. Pesa za wiki nzima zikaishia katika kuhara na kutapika! Shauri langu ni moja: mkatekate, kila kiungo ukipe moto wake.

Wala usione haya. Ndege huyu asili yake ni Mexico na nchi jirani, alikofugwa kabla ya Wahispania kumpeleka Ulaya katika karne ya 16. Waingereza walimpa jina la Uturuki, Waturuki humwita “hindi”, nao Wareno humwita “peru”. Kila mmoja amemsukumia mwenzake! Huko kwao Mexico hupikwa vipande vipande katika mchuzi mzito wa pilipili.

Kabla ya kupika

Ukimnunua akiwa barafu, mwache ayeyuke ndani ya friji kwa siku 2 au zaidi. Kama huna friji, mtumbukize katika ndoo ya maji baridi akiwa ndani ya karatasi yake ya plastiki, ubadilishe maji kila baada ya dakika 30. Ndege wa kilo 5 huchukua saa 5 au 6, kisha apikwe papo hapo. Usimlaze sakafuni usiku kucha. Usimwoshe chini ya mfereji, maana maji hurusha vijidudu kwenye vyombo na kachumbari. Mpanguse tu, kisha uoshe kisu, ubao na mikono kwa sabuni.

Miguu na mapaja: mchuzi

Mahitaji:
Miguu na mapaja, vipande 8
Vitunguu maji 3
Nyanya 5 zilizoiva
Kitunguu saumu na tangawizi, vilivyopondwa
Karoti 2
Mafuta vijiko 3
Dania na chumvi

Jinsi ya kupika: Kaanga vipande katika mafuta hadi vibadilike rangi pande zote, uvitoe. Kaanga vitunguu, kisha saumu na tangawizi, halafu nyanya hadi zivurugike. Rudisha nyama, tia karoti, chumvi na maji ya kuifunika. Funika, punguza moto. Acha ichemke polepole kwa muda wa saa 1 na nusu au saa 2, mpaka nyama iachane na mfupa. Nyunyiza dania. Nyama hii ni ngumu, haipendi haraka.

Kidari: sufuria na makaa

Kidari hakina mafuta, hukauka upesi. Hapa sisi wa Thika tuna dawa yetu, nanasi. Juisi ya nanasi bichi hulainisha nyama. Paka vijiko 2 pamoja na chumvi na saumu, uache kwa dakika 30 tu. Ukizidisha, nyama itakuwa kama uji kwa nje. La mkebe halitasaidia, kwani joto la kiwandani limekwisha kuua nguvu hiyo.

Panguse, paka mafuta. Chukua sufuria kubwa, tia mchanga mkavu chini kama wafanyavyo waokao keki kwenye jiko. Weka ndani yake sufuria ndogo yenye kidari, funika kubwa, panga makaa machache juu ya kifuniko. Baada ya saa 1 hivi, choma kisu mahali palipo pa nene. Ukiona wekundu wowote, rudisha motoni. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74. Kikiiva, kipumzishe dakika 15 kabla ya kukata.

Mabawa, mgongo na shingo

Mabawa yachemshe kwanza hadi yalainike, kisha uyachome juu ya makaa na ndimu na pilipili. Mgongo, shingo na firigisi vichemshe kwa saa 2. Supu hiyo ndiyo maji ya pilau yako, na hutajutia.

Mwenye oveni anaweza kumwoka mzima kwa nyuzi 165, kama saa 3 kwa ndege wa kilo 5, kidari kikifunikwa kwa karatasi ya foili. Apime joto pajani vile vile.

Angalizo

Mapishi haya huchukua saa nyingi. Jiko la makaa likae nje au kwenye veranda, hata mvua ikinyesha. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua watu waliolala. Usiliingize chumbani usiku kwa ajili ya joto.

Chakula kikishaiva kisikae nje zaidi ya saa 2. Asiye na friji asiweke kiporo cha kesho. Kwa hiyo pangeni mapema mle pamoja: nyumba moja ipike mchuzi, ya pili kidari, ya tatu pilau na kachumbari. Mliochangia ndege, changieni na majiko.

Tukutane tena Jumapili ijayo. Krismasi njema.