Msiipime Nakwa kwa idadi ya hataza
Na Safari Bura

Nikiulizwa Manyara ina wavumbuzi kiasi gani, sitaanza kwa kuhesabu hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi. Watafiti wengi duniani ndivyo wafanyavyo: huchukua idadi ya hataza za nchi, wakailinganisha na ya nchi nyingine, kisha wakatangaza nani anabuni na nani amelala. Kwa kipimo hicho Tanzania hukaa mkiani, na Nakwa yetu, hapa Manyara, haipo kabisa.

Kipimo hicho kinatuonea. Fundi wa kuchomelea anayebadili chekeche la mashine ya kupukuchua mahindi ili ipure na mbaazi haendi BRELA, wakala wa serikali unaosajili hataza. Anaiuza, fundi jirani anaiiga, msimu unapita. Mchumi Zvi Griliches alishaonya mwaka 1990 kwamba si kila uvumbuzi hupewa hataza, na kwamba hataza zenyewe hazilingani thamani. Tena hesabu ya nchi kwa nchi huficha chimbuko la maarifa. Dawa ya tezi dume itokanayo na magome ya Prunus africana iliwekewa hataza na Mfaransa Jacques Debat mwaka 1966. Mti huo huota katika milima ya Afrika, ya kwetu ikiwamo, na waganga wameyatumia magome yake tangu zamani. Kwenye jedwali, hiyo ni hataza ya Ufaransa.

Hata hivyo, daftari la hataza tusilitupe. Mvumbuzi hupewa haki ya peke yake kwa muda usiozidi, kwa kawaida, miaka 20, naye hulazimika kueleza hadharani kitu chake kinavyofanya kazi. Kila hati ina jina, tarehe, alama ya fani na, mara nyingi, orodha ya hataza na makala za kisayansi zilizotangulia. Ukizifuata orodha hizo unaona utafiti gani ulizaa kifaa gani. Mchumi Adam Jaffe na wenzake walizifuata kule Marekani, na mwaka 1993 wakaonyesha kuwa maarifa hutumika zaidi karibu na yalikozaliwa. Nasi tuna Taasisi ya Nelson Mandela, chuo cha sayansi na teknolojia kilichoko Arusha, saa chache tu kutoka hapa.

Chukua mfano wa floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huitia kwenye visima vingi vya kanda yetu. Meno ya watoto huwa ya kahawia, na ikizidi sana mifupa hupinda. Dk. Askwar Hilonga wa taasisi hiyo, mzaliwa wa Gongali, Karatu, alipata mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio lake la maji la mchanga na chembe za nano, linaloweza kuondoa floraidi. Mwanafunzi wa Babati anayetaka kuendelea kutoka hapo anaweza kufungua Espacenet, hifadhidata ya hataza mtandaoni, bila malipo, akatafuta kwa C02F, alama ya usafishaji wa maji, akaona nani amejaribu kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa, nani kwa alumina, na lini.

Mafundi wetu wengi hawajaambiwa jambo hili: hataza hailindi nje ya nchi ilikosajiliwa. Kifaa kilichosajiliwa China pekee, kisichosajiliwa BRELA wala kuombewa ulinzi wa Tanzania kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la Afrika lililoko Harare, fundi wa Nakwa anaruhusiwa kukitengeneza na kukiuza hapa nchini. Lazima ahakikishe kwanza, na hapo ndipo anapohitaji msaada.

Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na BRELA, msituletee idadi tu. Tuleteeni, kupitia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, mtu anayejua kuzisoma hati hizi, akae karakana kwa karakana na kuwaeleza mafundi kwa Kiswahili.