Neno la Mhariri: Betri ni ya Nani?

Viongozi wetu wakizungumzia usafiri wa kesho, wanazungumzia treni, na hawakosei. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 imewaokoa wengi na foleni ya Mbezi na Kibaha. Lakini treni ina ratiba, na nyuma yake kuna shirika la umma. Ikikwama, kesho yake magazeti yanaandika na wabunge wanauliza. Toleo hili tumelitenga kwa chombo ambacho kikizimika njiani hakuna atakayekiulizia zaidi ya aliyekuwa juu yake, nacho ni pikipiki ya umeme.

Inakuja kwa kasi. Tangu Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria. Nairobi nako kampuni kadhaa zinagombea vijiwe, na Kenya ina sababu nzuri ya kuzikaribisha. Petroli yake yote inatoka ng'ambo, ilhali sehemu kubwa ya umeme wake inatokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji na upepo. Dereva naye ana hesabu zake: hanunui oili ya injini, habadilishi plagi, na umeme wa siku nzima unamgharimu pungufu ya mafuta. Jarida hili linaiunga mkono pikipiki ya umeme. Tunalisema mapema ili yanayofuata yasieleweke vibaya.

Kinachotutia shaka kimo kwenye karatasi, si kwenye mota. Angalia dereva anapofika kwenye kituo cha kubadilishia betri, yake ikiwa imeisha. Anafungua sehemu ya betri, anaitoa kwa mikono miwili maana ni nzito, anaisukumiza kwenye tundu tupu la kabati, na kabati linamfungulia iliyojaa. Anaipachika, analipa kwa simu, anaondoka. Dakika chache tu, na aliyewahi kupanga foleni sheli atavutiwa. Sasa muulize ile betri aliyoondoka nayo ni ya nani. Katika mipango mingi ya aina hii ni ya kampuni, daima. Yeye amenunua, au bado ananunua kidogo kidogo, kilichobaki: fremu, matairi, taa na mota.

Vijana wa bodaboda si wageni wa mikataba. Pikipiki ya mkataba wanaijua vizuri: unachukua chombo kwa bosi, unapeleka hesabu kila siku au kila wiki, kadi inakaa kwa bosi hadi umalize. Ni mpango mgumu, na tumesikia visa vya waliobakiza miezi miwili wakanyang'anywa. Hata hivyo bosi ni mtu. Mtoto akilazwa unampigia, unamwambia bosi wangu nivumilie hadi Ijumaa, na mara nyingi anavumilia, japo kwa maneno makali. Pikipiki nyingi za umeme zina laini ya simu ndani yake. Kampuni inaona ilipo, na malipo yakichelewa inaweza kuizima ikiwa mbali. Mfumo ukishakuzima, utamsihi nani? Na kama kosa ni la mfumo, kwamba ulilipa lakini muamala haukuonekana, siku yako ya kazi iliyopotea atakulipa nani? Wachache miongoni mwa wanaosaini mikataba hii wameisoma yote. Tungeshangaa kama wangeweza, kwa jinsi inavyoandikwa.

Shaka ya pili ni kwamba betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Kampuni changa hufa, huo ndio uzoefu wa biashara popote, na ikifa hii, makabati yake yanafungwa na dereva anabaki na chuma alichokilipia. Fundi wa chini ya mwembe, aliyeifufua pikipiki ya petroli kwa waya na spana, hana pa kushika. Tatizo hili lina dawa, na tulishainywa. Zamani ukimtumia fedha ndugu aliyeko mtandao mwingine wa simu, hazikuingia moja kwa moja kwenye salio lake. Kuanzia 2014 kampuni za simu Tanzania zilianza kuunganisha huduma hizo, na biashara haikufa, iliongezeka. Kwa upande wa betri, Taiwan imeonyesha nusu ya njia: kampuni ya Gogoro ilifungua vituo vyake 2015, na kufikia 2019 Yamaha ilikuwa ikiuza skuta inayotumia betri hizohizo. Nasema nusu kwa sababu funguo bado zilibaki kwa mwenye vituo.

Kuna watakaosema tunawahi mno, tuache soko likue kwanza. Hivyo ndivyo tulivyofanya na bodaboda ya petroli. Iliingia, ikajaa, kisha ndipo tukaanza kuandika kanuni za kofia na leseni, wakati wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zimeshawapokea waliovunjika. Pikipiki isiyo na mlio ina hatari yake pia kwa asiyeona na kwa mtoto anayevuka barabara kwa kusikiliza. Jambo hilo tunaliachia makala ya tatu ya toleo hili.

Lipo pia suala la fedha za barabara, ambalo wizara zetu hazipendi kulisema kwa sauti. Kenya inakata shilingi 25 katika kila lita kwa ajili ya matengenezo ya barabara tangu Julai 2024. Tanzania nayo ina tozo yake kwenye mafuta. Anayetumia umeme halipi. Leo ni wachache na hakuna anayeona pengo, ila siku watakapokuwa wengi serikali itawatafuta, na tunahofia itaanza na bodaboda kabla ya mwenye gari la kifahari la umeme.

Kwa hiyo tunayaomba mambo mawili, na tumeyapeleka kwa maandishi LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na TBS, shirika la viwango. Mkataba wa pikipiki ya umeme uandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, useme wazi ni lini chombo kinaweza kuzimwa, kwa notisi ya siku ngapi, na dereva alalamike wapi. Na kampuni inayoomba kuweka makabati yake barabarani ieleze kwanza, hadharani, nini kitatokea kwa wateja wake siku itakapofunga milango.