MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Mwezi wa Mei mwaka 2024, kampuni ya mafuta ya Galp ya Ureno, ambayo makao yake makuu yako katika mji wa Lisbon, ilitangaza kwamba imekubali kuiuzia kampuni ya taifa ya mafuta ya Abu Dhabi sehemu yake ya asilimia 10 katika Eneo la 4 la gesi asilia ya Bonde la Ruvuma. Mauzo hayo yalikamilika mwaka 2025. Baadaye yakazuka mabishano baina ya kampuni hiyo na wakusanyaji kodi wa Msumbiji juu ya kodi ya faida iliyopatikana.

Gesi inayohusika haiko Lisbon wala Abu Dhabi. Iko chini ya bahari, mbele ya pwani ya Palma. Mvuvi wa hapa, aliyekwenda kutazama dema zake siku ile mkataba ulipotiwa saini, hakuona mabadiliko yo yote. Bahari ilikuwa ile ile na samaki walikuwa wale wale. Hata hivyo sehemu moja katika kumi ya mali kubwa iliyo chini ya maji hayo ilikuwa inatoka katika mikono ya watu asiowajua, na kuingia katika mikono ya watu wengine asiowajua.

Hatusemi hayo ili kuishutumu kampuni moja. Kuuza na kununua hisa ni biashara halali duniani kote. Tunasema kwa sababu jambo hili linatufunulia jinsi uchumi wa mji mkuu kama Lisbon unavyokwenda, na jinsi pwani yetu ilivyofungamanishwa nao kwa muda wa miaka zaidi ya 500. Asiyeuelewa uchumi huo hawezi kuuelewa umaskini wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado.

Mji wa Lisbon hauna mgodi wa dhahabu. Hauna mashamba ya pamba wala visima vya gesi. Una bandari nzuri katika mlango wa mto Tagus, na una watu waliojifunza mapema kazi moja yenye faida kubwa kuliko kulima na kuchimba. Kazi hiyo ni kuhesabu. Tangu zama za merikebu za tanga mji huo ulipokea mali ya wengine, ukaipima, ukaitoza ushuru, ukaiuza tena kwa bei ya juu, na ukaandika katika vitabu vyake ni nani anamdai nani.

Ushahidi wa jambo hilo upo hadi leo. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu za vita, akamlazimisha mtawala wa mji huo kulipa kodi kwa dhahabu. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyotoka bara kwa njia ya Sofala, ikapandishwa kaskazini kwa vyombo vilivyopita katika bahari yetu hii. Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno akaamuru dhahabu ile ifuliwe chombo cha ibada kwa ajili ya monasteri ya Belém, na kazi ikamalizika mwaka 1506. Chombo hicho sasa kimo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon, na maandishi yaliyochorwa katika kitako chake yanasema wazi kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Watu wale hawakuona haya kuandika. Mali iliingia, na mali ikaandikwa.

Kando ya mto huo huo ilisimama ofisi ya mfalme iliyoitwa Casa da Índia, ambamo bidhaa zote za Afrika na Asia zilipitishwa na kuhesabiwa. Tetemeko la ardhi la mwaka 1755 liliuangusha mji, pamoja na ofisi hiyo na jumba la mfalme. Mji ulipojengwa upya, uwanja mkubwa wa mahali pale ukapewa jina la Uwanja wa Biashara. Majengo yalikuwa mapya, lakini kazi ilibaki ile ile.

Zama za makampuni zilipofika, pwani yetu iliingizwa katika vitabu hivyo yote kwa jumla, ardhi pamoja na watu wake. Mwaka 1887 Wareno waliitwaa Ghuba ya Tungi, ambako leo upo mji wa Palma, kutoka katika himaya ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1891 serikali ya Ureno ikatoa hati kwa Kampuni ya Niassa, ikaikabidhi nchi yote iliyo kati ya mto Lúrio na mto Ruvuma, tangu baharini hadi Ziwa Nyasa. Kampuni ikapewa uwezo wa kutoza kodi na ushuru wa forodha, na uwezo wa kuwatoa watu makwao na kuwapeleka kazini. Mji mkuu wake ulikuwa Ibo, kisha Porto Amélia, jina la malkia wa Ureno, mji ambao leo tunauita Pemba.

Lakini wakurugenzi wake walikaa Lisbon, na hisa zake zilifika hadi London. Mwaka 1914 mabenki ya Ujerumani yalinunua sehemu kubwa ya hisa hizo. Vita ilipoanza, Waingereza wakazitwaa, na baadaye zikauzwa tena. Kwa hiyo mwenye kibanda huko Mocímboa da Praia alibadilishiwa mabwana mara kadhaa bila ya kuambiwa, na kodi ya kibanda chake ikaendelea kudaiwa vile vile. Watu wengi waliikimbia kodi hiyo pamoja na kazi za shuruti, wakavuka Ruvuma na kuingia Tanganyika. Hati ya Kampuni ilikoma mwaka 1929.

Baada ya Kampuni ikaja pamba. Mwaka 1938 serikali ya Salazar iliunda bodi ya kusimamia pamba ya makoloni. Mkulima wa Cabo Delgado alipimiwa shamba, akapewa mbegu, akalazimishwa kuuza kwa kampuni moja tu, kwa bei iliyopangwa na serikali chini ya bei ya soko la dunia. Mihogo na mtama vilisubiri. Pamba ilisafirishwa hadi viwanda vya nguo vya Ureno, nayo nguo ikarudi kuuzwa huku. Noti alizolipwa mkulima zilitolewa na Banco Nacional Ultramarino, benki iliyoanzishwa Lisbon mwaka 1864. Bei ilipangwa kule na fedha ilitoka kule. Kilichotoka huku ni jasho.

Tuwe waadilifu katika maneno yetu. Si kila mkazi wa Lisbon aliyeshiba kwa jasho hilo. Katika miaka ya 1960 maelfu kwa maelfu ya Wareno walikimbilia Ufaransa kutafuta kazi za kujenga na kufagia, kwa kuwa nchi yao ilikuwa miongoni mwa nchi maskini za Ulaya ya Magharibi. Daftari lilikuwa Lisbon, lakini lilikuwa katika kabati la wachache. Ndiyo maana baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni, 1960, na baada ya risasi za kwanza za Chai tarehe 25 Septemba, 1964, vijana wa kimaskini wa Ureno waliletwa kufa katika misitu yetu kwa ajili ya hesabu wasizozijua. Hatimaye askari hao hao ndio walioiangusha serikali mjini Lisbon tarehe 25 Aprili, 1974. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni, 1975.

Walikuwako waliotabiri kwamba Lisbon bila makoloni ingekufa njaa. Haikufa. Ilipokea watu zaidi ya nusu milioni waliorudi kutoka Afrika, ikapita katika miaka ya shida, na mwaka 1986 Ureno ikaingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Mwaka 1998 Lisbon ikafanya maonyesho makubwa ya kimataifa katika eneo lililokuwa la viwanda vilivyochakaa. Leo mji huo unaishi kwa watalii, kwa mabenki, kwa vyuo na kwa ofisi za makampuni. Una matatizo yake pia. Mwaka 2011 Ureno ililazimika kuomba mkopo wa yuro bilioni 78, na katika miaka ya karibuni kodi za nyumba zimepanda hata wenyeji wa mitaa ya kale kama Alfama wanahama kuwapisha wageni. Lakini ujuzi wa kuhesabu haukutoka mikononi mwake. Bwawa la Cahora Bassa, lililo katika ardhi ya Msumbiji, liliendelea kumilikiwa na Ureno kwa sehemu kubwa hadi mwaka 2007, Msumbiji ilipolipa dola milioni 950 ili kulishika. Bendera ilirudi mwaka 1975. Bwawa lilirudi miaka 32 baadaye, tena kwa fedha taslimu.

Hapo ndipo lilipo fundisho letu. Kuwa na mali si sawa na kushika hesabu ya mali. Mtambo unaoelea wa Coral Sul ulipakia shehena yake ya kwanza ya gesi mwezi Novemba, 2022. Una uwezo wa kusindika tani milioni 3.4 kwa mwaka. Gesi hiyo hutoka chini ya bahari, husindikwa juu ya bahari, hupakiwa melini na kwenda zake bila ya kugusa nchi kavu. Aliyeinunua yote kwa mkataba wa miaka mingi ni kampuni ya BP ya London. Katika rasi ya Afungi, mradi mwingine unaoongozwa na TotalEnergies ya Ufaransa ulisimamishwa Aprili 2021 baada ya Palma kushambuliwa, na Novemba 2025 kampuni hiyo ikatangaza kuondoa zuio hilo. Wanakijiji wa Quitupo walikwisha kuhamishwa kuupisha.

Wala tusidhani kwamba daftari likishatoka Ulaya na kufika Maputo basi kazi imekwisha. Mwaka 2016 ilifichuka kwamba makampuni matatu ya serikali yalikuwa yamekopa zaidi ya dola bilioni 2 katika miaka ya 2013 na 2014, na kwamba sehemu kubwa ya madeni hayo ilifichwa hata Bunge lisijue. Mmojawapo wa mikopo hiyo ulitajwa kuwa ni wa mashua za kuvulia jodari. Mvuvi wa Ibo hakupata mashua, lakini deni limo katika hesabu ya taifa lake.

Kwa hiyo tunaona mambo matatu hayana budi kufanywa.

La kwanza ni elimu ya hesabu. Vijana wa Palma, Mocímboa da Praia, Macomia na Ibo wasifundishwe ulinzi wa lango na upishi wa kambini tu. Wafundishwe uhasibu, sheria za mikataba, upimaji wa gesi na ukaguzi wa meli. Taifa lisilo na mtu wake wa kusoma kipimo litasomewa na mwuzaji.

La pili ni soko la nyumbani. Kambi ya maelfu ya wafanyakazi hula samaki, mayai, mchele na mboga kila siku. Ikiwa vyakula hivyo vinaletwa kwa meli kutoka mbali hali mvuvi wa hapa anaoza na samaki wake kwa kukosa barafu, basi tumejenga Porto Amélia nyingine. Barafu, barabara na gati la Mocímboa da Praia ni uchumi pia.

La tatu ni uwazi. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Msumbiji Desemba 2023 iliunda mfuko wa taifa wa akiba, na ikaweka kwamba katika miaka 15 ya mwanzo asilimia 40 ya mapato ya gesi iwekwe humo na asilimia 60 iende katika bajeti ya serikali. Hiyo ni hatua njema. Lakini hesabu hizo zisomwe hadharani wilayani, kwa Kimwani, kwa Kimakonde na kwa Kiswahili, ili mama muuza ngalawa za chumvi na mzee wa msikitini waweze kuuliza maswali.

Wapo watakaosema kwamba haya yasubiri mpaka amani itimie. Sisi hatukubaliani nao. Tangu mashambulio ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba, 2017, pwani hii imeona misiba mikubwa. Mji huo ulitekwa mwaka 2020 na kukombolewa mwaka 2021, Palma ilishambuliwa mwezi Machi 2021, na katika mkoa watu takriban milioni moja walipata kuyahama makazi yao. Wauaji hawana udhuru, na kazi ya kuwazuia ni ya majeshi. Lakini bunduki hufungua barabara. Haiwezi kumwambia kijana apite barabara hiyo kwenda wapi. Kijana anayeona mali inapita mbele ya macho yake, wala haoni jina lake katika orodha yo yote isipokuwa ile ya wahamishwaji, ni rahisi kudanganywa.

Tusiionee Lisbon wivu, wala tusiilaani kila siku kana kwamba laana ni mpango wa maendeleo. Tuchukue kutoka kwake kile kilichoifaa, nacho ni kujua kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Wenzetu waliandika hata katika kitako cha dhahabu ya Kilwa. Sisi tuandike ya kwetu, tuyasome wenyewe, na tuwasomeshe watoto wetu.