WENGI WAPE, LAKINI WAPE NINI?

Ndugu waamini, na ninyi viongozi wa walei mliokabidhiwa kazi ya haki na amani katika parokia zetu,

Wahenga walisema, "Wengi wape." Methali hiyo imegeuzwa silaha katika mabishano yanayosikika hata ndani ya jumuiya zetu ndogo ndogo, mara tu sala inapomalizika. Hoja yenyewe ni hii: ndoa ya watu wa jinsia moja imeletwa na majaji wachache walioidharau kura ya wananchi, basi tukiilinda kura ya wengi, ndoa itakuwa salama. Sisi twasema hoja hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli aghalabu humpoteza mtu kuliko uongo mtupu. Tuipime kwa mfano unaotajwa mara nyingi na wanaoitetea, yaani Jimbo la California nchini Marekani.

Yaliyotokea California

Tangu mwaka 1911 wananchi wa California wanayo haki ya kutunga sheria wao wenyewe kwa kura, bila kulisubiri bunge. Haki hiyo ilianzishwa kwa sababu bunge la siku zile lilikuwa mfukoni mwa kampuni kubwa ya reli. Mwaka 2000, zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura waliamua kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Tarehe 15 Mei 2008 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaifuta sheria yao, majaji wanne dhidi ya watatu. Wananchi hawakushika mawe. Walirudi kwenye sanduku la kura tarehe 4 Novemba 2008, na kwa asilimia 52 wakayatia maneno yale ndani ya katiba ya jimbo. Maaskofu Wakatoliki wa huko waliwaunga mkono. Kura hiyo ndiyo iliyojulikana kama Pendekezo la 8.

Tarehe 4 Agosti 2010 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho, Vaughn Walker, alilitangua Pendekezo hilo, akisema linapingana na Katiba ya Marekani. Gavana na mwanasheria mkuu wa jimbo, ambao kazi yao ni kuzitetea sheria za jimbo mahakamani, walikataa kulitetea. Raia waliolipeleka Pendekezo kwa wapiga kura wakakata rufaa wao wenyewe. Tarehe 26 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwajibu, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba raia hao hawakuwa na haki ya kisheria ya kusimama mbele yake. Hivyo hukumu ya jaji mmoja ikabaki, na swali lenyewe la ndoa halikujibiwa siku ile.

Watawala walionawa mikono

Hapa ndipo tunapoliona jeraha la haki, nalo si dogo. Ikiwa wananchi wamepewa njia ya kutunga sheria pale watawala wasipotaka, kisha watawala walewale wakaweza kuiua sheria hiyo kwa kukaa kimya tu mahakamani, njia hiyo ina maana gani tena? Hata mtu aliyepiga kura ya kulikataa Pendekezo la 8 yampasa aone hatari hiyo. Jaji Anthony Kennedy aliiona. Yeye ndiye aliyeandika maoni ya majaji wanne waliopinga uamuzi ule wa mwaka 2013, akiitetea haki ya wapiga kura kusikilizwa. Na ndiye huyohuyo aliyeandika hukumu ya tarehe 26 Juni 2015, iliyohalalisha ndoa za jinsia moja katika Marekani yote. Hatukubaliani na hukumu yake ya mwaka 2015. Lakini tunamsifu kwa jambo moja: hakuiheshimu kura kwa sababu tu ilimpendeza. Wangapi miongoni mwetu wanaweza kusema hivyo?

Kura si Injili

Maana sasa yatupasa kuulizana swali gumu. Tarehe 5 Novemba 2024 wananchi wa California hiyohiyo walipiga kura tena, na zaidi ya asilimia 62 wakayaondoa maneno ya Pendekezo la 8 katika katiba yao. Hakuna jaji aliyewalazimisha. Kabla ya hapo, tarehe 22 Mei 2015, watu wa Ireland, nchi iliyotuletea wamisionari wengi, waliikubali ndoa ya jinsia moja kwa asilimia 62 ya kura. Wale waliotuambia kwamba sauti ya wengi ndiyo ya mwisho, watasema nini sasa? Je, ndoa ilikuwa kitu kimoja mwaka 2008 na kitu kingine mwaka 2024 kwa sababu hesabu imebadilika? Hasha! Fundisho letu juu ya ndoa tumelipokea kutoka kwa Muumba na kutoka kwa Kristo, wala halipandi wala kushuka na idadi ya karatasi ndani ya sanduku. Anayelitundika fundisho hilo kwenye kura amelitundika kwenye uzi wa buibui.

Tena tusisahau kwamba wengi waliwahi kutugeukia sisi wenyewe. Mwaka 1922 wapiga kura wa Jimbo la Oregon, huko huko Marekani, walipitisha sheria ya kuwalazimisha karibu watoto wote wa umri wa miaka 8 hadi 16 kusoma katika shule za serikali. Kundi la Ku Klux Klan liliiunga mkono, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuzifunga shule za Kikatoliki. Nayo ilikuwa sauti ya wananchi, kwa kura halali. Ni nani aliyetuokoa? Masista waliokuwa na shule walikwenda mahakamani, na tarehe 1 Juni 1925 majaji wote wa Mahakama ya Juu wakakubaliana kwamba sheria ile haifai, kwa kuwa wazazi wana haki ya kuongoza malezi ya watoto wao. Siku ile hakuna Mkatoliki aliyelalamika kwamba majaji wameidharau kura. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Tunapoisoma habari ya mateso ya Bwana wetu, twaona makosa yote mawili katika uwanja mmoja. Umati ulichagua, na ulimchagua Baraba. Jaji alijua haki iko wapi, akanawa mikono. Wengi walikosea na hakimu alikosea, na mwenye haki akasulubiwa kati yao. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alitufundisha kwamba demokrasia isiyo na msingi wa ukweli na maadili hugeuka kwa urahisi kuwa udikteta. Onyo hilo lamhusu mpiga kura kama linavyomhusu jaji.

Na sisi hapa Kenya?

Siku ileile ya tarehe 4 Agosti 2010, jaji wa California alipotoa hukumu yake, Wakenya tulikuwa kwenye kura ya maoni juu ya Katiba mpya. Maaskofu wetu waliipinga, hasa kwa ajili ya kifungu cha utoaji mimba. Takriban theluthi mbili ya wapiga kura waliikubali, nasi tukatii. Leo kifungu cha 45 cha Katiba hiyohiyo, kinachompa mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, ndicho tunachokishika kama ngao. Na mahakama zilizosimikwa na Katiba hiyo tulizipigia makofi au kuzilaani kwa kadiri zilivyotupendeza: waliozisifu mwaka 2017 uchaguzi wa rais ulipofutwa ndio wengi waliozitukana baadaye.

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji lisinyimwe usajili. Mara ikatangazwa, hata kwenye mimbari, kwamba mahakama imehalalisha ndoa za jinsia moja. Si kweli. Hukumu ile ilihusu uhuru wa watu kujiunga katika vyama, ndoa haikuguswa. Ndugu zetu, amri ya nane haina likizo hata pale tunapoitetea amri ya sita.

Yatupasa nini?

Kwanza, tuisome hukumu kabla ya kuihukumu. Pili, tuidai haki ya kura isikilizwe hata ikitushinda, na haki ya mahakama ilindwe hata ikituudhi. Anayeibomoa moja leo ataikosa kesho atakapoihitaji. Tatu, tusimguse mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yatuagiza kuwapokea watu wenye mwelekeo huo kwa heshima na huruma, bila ubaguzi usio wa haki. Kijana anayepigwa kijijini au kufukuzwa nyumbani si adui wa ndoa. Ni mwana wa mmoja wetu.

Nne, tuitetee ndoa pale inapobomoka kweli. Ni familia ngapi katika parokia hii ambazo baba ameihama nyumba, mama anapigwa, watoto hawajui karo itatoka wapi? Hakuna jaji aliyeamuru hayo, wala hakuna kura iliyoyapitisha.

Basi wengi tuwape: wapewe haki ya kutawala, wapewe sheria zao na watetezi wa sheria hizo mahakamani. Lakini tusiwape dhamiri zetu, wala heshima ya jirani yetu. Hizo si zetu za kutoa.

Amani ya Bwana iwe nanyi daima.