Tusichome Wavu kwa Sababu ya Tundu

Mvuvi wa Mwigobero, Musoma, akivuta wavu na kuukuta mtupu, huutandaza kwanza mchangani akatafuta palipochanika. Hauchomi moto. Lakini katika ofisi moja mjini humo, ambayo sina haja ya kuitaja, nilishuhudia seva ya Linux ikifutwa yote na kuundwa upya kwa sababu tu kompyuta mbili kongwe zilishindwa kufungua mafaili ya pamoja. Kumbukumbu za miaka mitatu zilipotea. Nakala ya akiba haikuwapo.

Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo. Programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992 ili mashine za Unix zigawane mafaili na kompyuta za aina nyingine, tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019 haipokei tena itifaki ya zamani iitwayo SMB1, isipokuwa iamriwe. Seva ilikuwa imewekewa toleo jipya wiki ile ile, na kompyuta zile kongwe hazikujua itifaki nyingine. Wako watakaosema: basi iamriwe ipokee. Sikubaliani nao. Tundu lililokuwa katika SMB1 ya Windows ndilo lililopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017. Afadhali mashine kongwe zipumzishwe.

Simlaumu sana fundi. Lawama kubwa ni yetu sisi tufundishao. Tumemzoeza mwanafunzi kukariri namna ya kuunda, wala hatukumzoeza kuuliza kwa utaratibu. Je, kompyuta inaifikia seva kwa ping? Huduma inaendeshwa? Ukuta wa ulinzi umeruhusu mlango namba 445, au 2049 ikiwa ni NFS? Programu ya testparm inaona kosa katika maagizo? Tena mtumiaji anayo haki juu ya jalada lenyewe? Maana Samba haiwezi kutoa ruhusa ambayo Linux imeinyima, na hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima. Daftari la matukio, likiamriwa kuandika kwa kirefu, hueleza mengi ya haya. Ajabu ni kwamba husomwa mwisho, kama husomwa.

Huku Bunda na Butiama umeme ukikatika na kurudi, kompyuta huweza kuamka kabla ya seva, zikakwama zikiyangoja mafaili ya NFS. Huo si ubovu wa kumwitia fundi kutoka Mwanza. Ni kusubiri seva iamke, kisha kuunganisha tena.

Chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu, huko Butiama, kingefaa kutangulia katika jambo hili: mtahiniwa apewe seva iliyoharibiwa makusudi, daftari na kalamu, naye aandike kila alichokagua kabla ya kugusa chochote. Atakayeanza kwa kufuta, apewe sifuri.