NYUMBA YETU: Jiwe haliungui, lakini linapitisha joto



Mwezi huu tunajibu baba mmoja wa Likasi. Nyumba yake ni ya matofali, lakini ukuta katikati ya jiko na chumba cha batoto ni wa mbao. Mama anapikia pale na mbabula, mbao zimeanza kuwa nyeusi. Baba ameona mu nyumba zingine ukuta wenye kubandikwa mawe mapana, ni muzuri kabisa, na anauliza: nikibandika mawe juu ya zile mbao, moto hautafika tena kwa batoto, si vile?

Hapana, baba. Si vile, na ni vizuri umeuliza mbele ya kununua simenti.

Watu wengi wanafikiri kitu kisichoungua kinazuia joto. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Weka jiwe karibu na moto muda wa saa moja, kiisha gusa mugongo wake: nao ni moto. Jiwe linakunywa joto polepole na kulipeleka ngambo ya pili. Mbao yenye kubandikwa pale nyuma inapokea lile joto kila siku, asubuhi na mangaribi. Mbao ya kawaida haishiki moto mbele ya kufika nyuzi 250 hivi ao zaidi. Lakini mbao yenye kukaushwa na joto miezi na miaka inageuka kidogo kidogo kuwa sawa makala, na inaweza kushika moto kwa joto dogo kuliko lile. Baba achukue kitambaa chenye mayi, apanguse ule weusi. Kama unatoka, ni moshi tu. Kama unabaki ndani ya mbao, ujue mbao imeanza kuungua. Na ukiifunika na mawe, hutaona tena inafikia wapi. Usiku moja itawaka ku upande wa batoto, wakati wewe unatazama mawe yako mazuri.

Marekani, kwenye baridi kali, watu wengi wana stofu za kuni ndani ya nyumba, na kanuni zao za moto zinatufundisha kitu. Stofu isiyopimwa inapaswa kukaa sentimeta 91 mbali na ukuta wa mbao. Ukijenga ukuta wa matofali wa unene wa sentimeta 9 na kuushikamanisha na mbao, unaweza kusogeza stofu mpaka sentimeta 61 tu. Lakini ukuta kama ule ule, wenye kuachiwa nafasi ya sentimeta 2 na nusu kati yake na mbao, hewa ikipita chini na kutoka juu, unaruhusu sentimeta 30. Mnaona wenyewe! Ile hewa yenye kupita inaondoa joto mbele halijafika kwa mbao, na hewa hainunuliwi.

Kuna tena uzito. Mawe ya unene wa sentimeta 3 yanafikia karibu kilo 80 kwa kila meta moja ya mraba. Mbao za ukuta mwembamba zinapanuka na kujikunja kila siku juu ya joto na mvuke wa bukari. Simenti haijikunji, inapasuka. Kiisha jiwe linaanguka, na chini yake nani anakaa? Ni mutoto mwenye kungojea chakula. Wale wanaobandika na kole ya kopo mahali pa moto wanatafuta taabu zaidi, sababu kole nyingi zinalegea zikipata joto.

Basi, baba afanye nini? Njia ya bei rahisi: mbabula itoke inje, chini ya kipaa kidogo mu lupango. Kama haiwezekani, atundike bati moja wazi mbele ya mbao, lisiguse mbao, nafasi ya vidole viwili nyuma, wazi chini na juu. Hata hivyo mbabula ikae meta moja mbali. Ile bati si ruhusa ya kuisogeza. Na akipata feza, aondoe mbao kabisa, ajenge ukuta wa matofali ya kuchoma. Juu ya ule ukuta, mawe anaweza kubandika mazuri anayotaka.

Lakini mawe gani? Usiokote yale ya mu mutoni. Yanaweka mayi ndani ya nyufa ndogo, na mayi yakigeuka mvuke yanataka nafasi kama mara 1,600. Jiwe linapasuka na kurusha vipande sawa risasi. Jiwe la chokaa, kama lile la Kakontwe, linafaa mbali na makala, lakini moto mukali unaligeuza kuwa chokaa kweli, inamwagika. Mahali makala yanapogusa, hata simenti inapoteza nguvu, inaanza kuharibika kwenye nyuzi 400 na kitu, na makala yenye kuwaka sana inapita 600. Pale tumia tofali na udongo wa kichuguu. Wazee wetu walioyeyusha shaba ya Katanga na kufanya misalaba walijenga tanuru zao na udongo ule, na hawakuwa wajinga.

Tunataka kusema neno kwa vijana. Wengine wanaleta nyumbani mawe ya kijani ya mine, ni mazuri kweli, wanayapanga kuzunguka moto. Malakita ikipata moto inageuka nyeusi na kuwa unga wa shaba. Mawe mengine yana kiberiti ndani, yakichomwa yanatoa moshi wenye kufunga kifua. Na mawe ya Shinkolobwe, ile mine ya uranium ambayo serikali ilikataza mutu kuchimba tangu 2004, yanatoa miale isiyoonekana hata bila moto. Hayo yasiingie mu nyumba hata kidogo, hata moja la kuzuia mulango.

Jambo lingine: ukuta hata uwe wa mawe matupu, haukuokoi na hewa ya makala. Mu juni na julai baridi inauma kwetu, na mutu anaona vizuri kuingiza mbabula mu chumba na kufunga dirisha. Ile hewa haina harufu, haina rangi, na inaua watu wenye kulala bila kuwaamsha. Tafuteni blanketi ya pili.

Tena kwa baba wa Likasi: ukuta mupya ukiisha, ngoja majuma manne simenti ikomae mbele ya kuwasha moto mukubwa. Siku ya kwanza mama apike saa moja nzima. Kiisha wewe nenda ku upande wa batoto, weka mukono ukutani na uhesabu mpaka kumi. Ukishindwa kufika kumi, mbabula isogezwe.